Kitalu cha Saba

Tulipiga kura kwa vizibo vya soda,
kumi na viwili, namba zimekwaruzwa kwa ncha ya msumari,
ndani ya kopo la samli lililokwisha.
Daktari Shumi alisema: jicho lisichague.
Jicho lina mapenzi, jicho lina haraka,
litaipeleka mbolea palipo na tope jema,
kisha tuisifu mbolea kwa kazi ya tope.
Nikafumba macho, nikachovya mkono.
Saba kilibaki chini ya kopo
pamoja na mbili na kumi:
wasiopewa kitu.

Hapa ni Mikindani, nyuma ya nyumba za mwisho,
ambapo hori la Tudor huingia na kutoka
na mifuko, na kandambili moja moja, na maji ya vyoo vyetu.
Vitalu kumi na viwili, miche hamsini ya mikoko kila kimoja.
Vitatu mbolea ya dukani, vitatu samadi ya mbuzi,
vitatu majivu ya jikoni,
na vitatu bahari tu, kama Mungu aliivyoileta.

"Kwa nini vitatu vitatu?" aliuliza Mbwarali, mlinzi wa usiku.
"Kimoja huenda kikaliwa na mbuzi. Cha pili kikabahatika.
Cha tatu ndicho kitakachotutoa kwenye ubishi."
Mbwarali akacheka:
"Hata ndoa, mashahidi ni wawili."

Swabri, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyepima,
kila Jumamosi maji yakipwa, kwa futi ya fundi cherehani.
Hakuambiwa kipi kimepewa nini.
Anayejua hapimi, anayepima hajui:
hiyo ilikuwa sheria.

Lakini mimi nilijua. Mimi ndiye niliyebeba ndoo.
Miezi minne nikikipita kitalu cha saba
kama mtu anayepita na sinia la pilau
mlangoni kwa mtoto wa jirani.
Nimelea watano.
Hakuna niliyemnyima
ili nijue wenzake wameshiba kwa sababu gani.

Mwezi wa tano, usiku, redio ya Mbwarali ikikoroma naye,
nilishuka na majivu ndani ya leso.
Gao kwa gao, mche kwa mche.
Nikarudi kulala na kucha nyeusi
na moyo mweupe.

Mwisho wa mwaka Swabri alisoma tarakimu, kituo kwa kituo.
Mbolea, sentimita thelathini na moja.
Samadi, thelathini.
Majivu, thelathini na moja.
Wasiopewa kitu: thelathini, thelathini na mbili, thelathini na moja.
Daktari akaweka kalamu chini.
"Hori limeilisha yote," akasema. "Vyoo vyetu vimeilisha.
Bila hivi vitatu tungeinunua mbolea maisha yetu yote,
na kuishukuru."

Ulimi wangu ukawa kokoto.
"Si vitatu," nikasema. "Ni viwili."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.
Hakukifuta kitalu cha saba daftarini;
alikipiga mstari mmoja mwembamba, kiendelee kusomeka,
akaandika pembeni tarehe, majivu, na jina langu.
"Ulikionea huruma," akasema,
"ukakiziba mdomo."

Mbwarali alikuwa mlangoni.
Safari hii hakusema lolote juu ya ndoa.

Mwaka huu ni miche mipya, kopo lile lile.
Nimemwachia Swabri ndoo,
nami nimeomba futi, na nimeomba nisiambiwe.
Jumamosi naingia topeni hadi magotini,
naita namba, yeye hayupo, anaandika mtu mwingine.
Sijui ni kipi kilicholala na njaa.
Vyote kumi na viwili
navionea huruma sawasawa.